Sura ya Tano: Shilingi Ifuate Ugonjwa

Mwaka 1996, katika Wilaya ya Morogoro Vijijini, malaria ilikuwa inasababisha takribani asilimia 30 ya miaka yote ya uhai iliyopotea kwa watu kufa kabla ya wakati. Katika bajeti ya afya ya wilaya hiyohiyo, mwaka huohuo, malaria ilitengewa asilimia 5. Magonjwa ya watoto wadogo, kama nimonia, kuhara, surua na utapiamlo, yalijumlishwa yakafikia asilimia 28 ya mzigo huo wa miaka iliyopotea, yakapewa asilimia 13 ya fedha. Kifua kikuu, ambacho mzigo wake haukufika asilimia 4, kilipata asilimia 22.

Hakuna mtu aliyeketi ofisini Morogoro akaamua kwamba mtoto mwenye homa asihudumiwe. Waliopanga bajeti ile walifanya kama wilaya nyingine zote nchini zilivyofanya: walichukua bajeti ya mwaka uliopita, wakaongeza kidogo hapa na kupunguza kidogo pale, wakaipeleka juu. Tena, sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imeshafungwa tangu ilikotoka. Mradi wa ugonjwa huu ulikuwa na gari lake, mafuta yake na posho zake, na mradi wa ugonjwa ule vivyo hivyo. Kifua kikuu kilikuwa na mpango madhubuti wa kitaifa wenye wafadhili wake. Homa ya kijijini haikuwa na mwenyewe.

Na hata angetokea mganga mkuu wa wilaya mwenye moyo wa kubadili mambo, angebadili kwa kutazama nini? Hesabu ya vifo vya watu wake haikuwa mezani kwake.

Sura hii inaeleza jinsi hesabu ya aina hiyo ilivyopatikana, na yaliyofuata baada ya kuwekwa mbele ya wanaogawa fedha. Hoja yangu ni kwamba huduma za umma hubadilika pale anayegawa fedha anapojua kwa hakika watu wake wanaumwa nini na wanakufa na nini, na wakati huohuo ana mamlaka ya kuubadili mgawo kwa sababu ameshajua. Ujuzi bila mamlaka huishia kabatini. Mamlaka bila ujuzi huzaa bajeti kama ile ya mwaka 1996.

Dola 12 za kwenye karatasi

Mwaka 1993 Benki ya Dunia iliitoa ripoti yake ya mwaka kuhusu maendeleo ya dunia, na safari hiyo ilizungumzia afya. Ripoti ilidai kwamba nchi maskini ingeweza kupunguza sana maradhi na vifo kwa kutumia takribani dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka, mradi fedha hizo ziende kwenye huduma chache zilizokwisha kuthibitishwa kuwa zinafaa: chanjo, matibabu ya watoto, huduma za wajawazito, tiba ya kifua kikuu na nyingine za aina hiyo. Tanzania ya miaka ile ilikuwa inatumia kama dola 8.

Kwenye karatasi hoja ilikuwa nzuri. Lakini huduma haitolewi kwenye karatasi. Hutolewa na mganga msaidizi mmoja katika zahanati yenye vyumba vitatu, ambayo dawa zake zimechelewa na barabara yake imekatwa na mvua. Je, huko nako hesabu ile ingetimia?

Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada, kinachojulikana kwa kifupi kama IDRC, kilikubaliana na Wizara ya Afya ya Tanzania kulijibu swali hilo kwa vitendo. Mradi uliozaliwa ukaitwa TEHIP, na wilaya zilizochaguliwa zilikuwa mbili: Morogoro Vijijini na Rufiji. Kwa pamoja zilikuwa na watu wapatao 700,000.

Anayeikumbuka Rufiji ya wakati huo ataelewa kwamba haikuchaguliwa kwa wepesi wake. Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa. Lilifunguliwa mwaka 2003. Aliyetaka kuvuka mto pale Ndundu alisubiri pantoni, na pantoni ikiharibika alisubiri zaidi. Masika yakikolea, vijiji vya bondeni hukatika na dunia. Katika delta, zahanati zinafikiwa kwa mashua, na safari hupangwa kwa kutazama kupwa na kujaa kwa maji. Jambo likiwezekana Rufiji, ni vigumu kwa wilaya nyingine kusema kwake haliwezekani.

Wilaya hizi ziliahidiwa nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Fedha ziliingia katika mfuko wa halmashauri, zikapangwa na timu ya afya ya wilaya yenyewe. Mradi haukuzifungia kwenye ugonjwa fulani. Sharti lilikuwa kwamba mgawo uwe na sababu inayoweza kuonyeshwa.

Waliofia nyumbani

Kila zahanati nchini ina madaftari ya MTUHA, ambamo mhudumu huandika nani amekuja, ana umri gani, anaumwa nini na amepewa nini. Madaftari hayo yana kazi kubwa, lakini yana upofu wa asili: yanamwona aliyefika tu. Mtoto aliyekufa usiku njiani, mgongoni kwa mama yake, hayamo. Bibi aliyefia ndani kwake bila kupelekwa popote hayamo. Na vijijini, katika miaka ya 1990, watu wengi walifia nyumbani. Kupanga huduma kwa kutazama takwimu za hospitali peke yake kulimaanisha kupanga kwa ajili ya wale waliokuwa na nauli.

Kwa hiyo ilibidi watu wahesabiwe majumbani. Morogoro Vijijini kazi hiyo ilikuwa imeanza tangu mwaka 1992 chini ya mradi mwingine wa Wizara ya Afya ulioshirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, uliofanya kazi pia wilayani Hai na katika sehemu za Dar es Salaam. Rufiji ilianza mwaka 1998, katika eneo lenye watu wapatao 85,000. Kwanza kila kaya iliorodheshwa. Baada ya hapo wadadisi walirudi katika kila nyumba kila baada ya miezi minne, mwaka baada ya mwaka, kuuliza maswali yaleyale: nani amezaliwa, nani amehamia, nani amehama, nani amefariki.

Panapokuwa na kifo, mhojaji wa pekee hurudi msiba ukishapoa. Hupiga hodi, hutoa pole, hukaribishwa mkekani, na huomba kuzungumza na aliyemuuguza marehemu. Maswali anayouliza ni ya kawaida, ila yamepangwa kwa ustadi. Homa ilianza siku gani? Ilikuwa inaachia na kurudi, au ilikaa tu? Alikuwa anapumua haraka haraka? Mbavu zilikuwa zinabonyea ndani kila akivuta pumzi? Alishtuka, alikakamaa, macho yaligeuka? Aliendelea kunyonya hadi lini? Mlianza kumpeleka wapi, na baada ya hapo wapi? Dawa gani alipewa? Kadi yake ya kliniki bado ipo? Hapo mama huingia chumbani na kutoka na kadi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na nguo za mtoto ambazo hajaweza kuzigawa. Mhojaji hunakili uzito, chanjo na tarehe, huirudisha kadi, hushukuru na kuondoka.

Fomu ile husomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na kila mmoja huandika anachodhani ndicho kilichoua. Wakitofautiana, husomwa na wa tatu. Njia hii ina mipaka yake. Hakuna damu iliyopimwa, na malaria kali na nimonia kwa mtoto mdogo zinafanana sana katika masimulizi. Lakini mahali ambapo hapakuwa na chochote, ilileta kitu ambacho wilaya haikuwahi kuwa nacho: orodha ya vifo vya watu wote wa eneo lililohesabiwa, maskini kwa tajiri, wa karibu na wa mbali, pamoja na sababu zake.

Kila mama aliyejibu maswali yale alitoa kitu kikubwa. Alikubali kuurudia msiba wake mbele ya mgeni ili labda mtoto wa jirani apone. Mtafiti akichukua maelezo hayo akayafanya makala ya jarida la Ulaya tu, yakaishia hapo, amechukua amana na hakuirudisha.

Michoro miwili mezani

TEHIP iliirudisha. Lakini haikuipeleka wilayani kama kitabu kinene cha majedwali, kwa sababu kitabu kama hicho hakisomwi na mtu mwenye zahanati kadhaa za kusimamia. Watafiti walitengeneza zana mbili rahisi za kompyuta. Ya kwanza ilichukua vifo vilivyohesabiwa na kuvipanga kufuatana na huduma inayoweza kuvizuia: kiasi gani kinazuilika kwa chandarua na dawa ya malaria, kiasi gani kwa kumtibu vizuri mtoto mgonjwa, kiasi gani kwa huduma ya uzazi salama. Ya pili ilikusanya fedha za afya za wilaya kutoka kila chanzo, ziwe za serikali au za mradi, na kuzipanga kwa huduma hizohizo.

Matokeo yakawekwa katika michoro miwili ya mihimili: mzigo upande mmoja, bajeti upande wa pili. Diwani ambaye hajasomea udaktari aliweza kuitazama kwa dakika moja na kuuliza swali la maana: kwa nini huku mhimili ni mrefu na kule ni mfupi?

Swali hilo lilizaa mabadiliko ya mwaka hadi mwaka. Fedha za malaria ziliongezwa. Waganga wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa utaratibu mpya wa kumtibu mtoto kwa ujumla wake: asiangaliwe homa tu, apimwe uzito, ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima, aulizwe kuhusu kuhara, chanjo zake zikaguliwe kwenye kadi, na mama aambiwe dalili za hatari zinazomtaka arudi mara moja. Utaratibu huo ulikuwa umetungwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF. Wilaya hizi mbili ziliutekeleza mapema kwa sababu hesabu yao wenyewe iliwaonyesha kwamba ndio waliouhitaji zaidi.

Kuna jambo lililowashangaza watu wengi. Kati ya dola 2 zilizoahidiwa kwa kila mkazi, wilaya hazikuweza kutumia zaidi ya takribani senti 80. Hazikuweza kumeza zaidi. Wafanyakazi walikuwa wachache, magari machache, na mipango ilihitaji muda. Tumezoea kusema kwamba tatizo la huduma zetu ni fedha, na ni kweli fedha ni chache. Lakini hapa fedha zilikuwepo na hazikuisha, wakati huohuo matokeo yalianza kuonekana. Kinachoamua ni namna chombo kinachopokea fedha kilivyopangwa.

Redio, pikipiki na mafundi wa kijiji

Kwa hiyo kazi ya pili ilikuwa kukipanga chombo. Timu ya afya ya wilaya ilitakiwa kuzikagua zahanati zote, lakini kwa gari moja linaloharibika na barabara zile, baadhi ya zahanati zilipita miezi mingi bila kuona mgeni. Mhudumu akakaa peke yake na makosa yake, pasipo mtu wa kumsahihisha wala wa kumpongeza.

Wilaya zikaugawa usimamizi. Vituo vya afya vilivyo na wafanyakazi wenye uzoefu vilipewa jukumu la kuzilea zahanati chache zilizo jirani navyo. Vilipewa pikipiki, na kule kwenye maji mashua. Vilifungiwa redio za mawasiliano, miaka ambayo simu ya mkononi ilikuwa bado haijafika vijijini. Mhudumu wa zahanati aliyeishiwa dawa, au aliye na mjamzito anayetokwa na damu, sasa alikuwa na mtu wa kumwita. Ripoti za MTUHA zilifika kwa wakati kwa sababu kulikuwa na mtu wa karibu anayezifuatilia.

Majengo nayo hayakuachwa. Zahanati nyingi zilikuwa zinavuja, kuta zimepasuka, choo hakuna. Badala ya kumleta mkandarasi kutoka mjini, wanakijiji waliitishwa mkutano, wakaunda kamati, wakachangia mchanga, mawe, maji na nguvu zao. Mradi ulitoa saruji, bati na mbao, na mafundi wa hapohapo wakalipwa ujira. Watu waliojenga ukuta kwa mikono yao hawakubali kirahisi kuona mlango wa zahanati umefungwa saa 4 asubuhi.

Degedege na lawama iliyokosea njia

Faida nyingine ya utafiti ni kuondoa lawama isiyo na haki. Kwa miaka mingi, mtoto alipokufa kwa degedege, wataalamu walikuwa na maelezo tayari: wazazi wanaamini degedege ni la mizimu, wanampeleka kwa mganga wa kienyeji, wanachelewa hospitali. Kampeni za elimu ya afya zilijengwa juu ya imani hiyo, na wazazi wakahubiriwa.

Mahojiano ya Rufiji yalikuwa yameuliza wazi: mlianza kumpeleka wapi? Watafiti wakayapitia majibu ya waliofiwa kwa malaria kati ya mwaka 1999 na 2001. Karibu wanane kati ya kumi walikuwa wameanzia kwenye tiba ya kisasa. Hata wale ambao mtoto alipata degedege, wengi walikuwa wamekwenda zahanati au kutafuta dawa za hospitali.

Yaani wazazi walikuwa wamefanya walichoambiwa, na mtoto akafa. Tatizo lilikuwa kwetu, upande wa huduma: kuchelewa kutambuliwa kwa hali ya hatari, kukosekana kwa rufaa, na dawa yenyewe. Uchunguzi katika vituo mbalimbali nchini ulikuwa umeshaonyesha kwamba klorokwini ilikuwa inashindwa kwa karibu nusu ya watoto waliopewa. Mama aliyefika mapema, akapewa klorokwini na kuambiwa arudi nyumbani, alikuwa amepewa matumaini ambayo dawa haikuweza kuyatimiza.

Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini na kuanza kutumia dawa iitwayo SP. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikahamia kwenye dawa mseto. Mabadiliko yote mawili yalikuwa na gharama na upinzani, na yote yalisukumwa na takwimu za watafiti waliofuatilia watoto waliotibiwa, wakipima damu zao siku baada ya siku. Fedha ambazo zingeendelea kutumika kumhubiria mzazi zilikuwa na mahali pazuri zaidi pa kwenda.

Na chandarua kilikuwa na ushahidi wake. Katika bonde la Kilombero, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walisimamia uuzaji wa vyandarua na dawa ya kuvitibu kwa jina la Zuia Mbu, kupitia maduka ya kawaida ya vijijini. Walipolinganisha watoto, waliona kwamba kulala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa kuliongeza uhai wa walio chini ya miaka mitano kwa asilimia 27. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001. Mwaka 2004 serikali ilianzisha hati punguzo, iliyompa kila mjamzito anayehudhuria kliniki nafuu ya bei ya chandarua, na baadaye ikaja awamu ya kuvigawa bure nchi nzima.

Tunachoweza kudai na tusichoweza

Rufiji, kati ya mwaka 1999 na 2000, vifo vya watoto wachanga wasiotimiza mwaka vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai. Katika kipindi cha miaka mitano, vifo vya watoto katika wilaya zote mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Wasimamizi wa mradi waliandika kitabu chao mwaka 2004 wakiueleza kwa kina, na nchi nyingine zikaja kujifunza.

Lakini mwandishi anayesifu utafiti lazima akubali kuhukumiwa nao. Vifo vya watoto vilikuwa vinashuka Tanzania nzima. Tafiti za kitaifa zinaonyesha kwamba mwaka 1999 watoto 147 kati ya 1,000 walifariki kabla ya miaka mitano. Mwaka 2004/05 walikuwa 112. Vyandarua, matone ya vitamini A, kuachwa kwa klorokwini na kuongezeka kwa bajeti ya afya ya taifa vyote vilichangia, na si haki mradi mmoja kujitwalia sifa zote. Watafiti walipolinganisha Morogoro Vijijini na Rufiji na jirani zao, Kilombero na Ulanga, ambazo hazikuwa na utaratibu mpya wa kumtibu mtoto, waliona vifo viko chini kwa asilimia 13 katika wilaya zenye utaratibu huo.

Asilimia 13 ni ndogo kuliko 40, na mimi naiheshimu kwa sababu imepatikana kwa kulinganisha. Kwa wilaya kama hizo, ni watoto wengi waliokua wakaenda shule. Na gharama ya kumhudumia mtoto haikuwa kubwa kuliko ya mahali pengine.

Somo kubwa lilivuka mipaka ya wilaya mbili. Mageuzi ya sekta ya afya na ya serikali za mitaa yalikuwa yanaendelea wakati huohuo, na kuanzia mwaka 1999/2000 fedha za wafadhili kadhaa zilichanganywa katika mfuko wa pamoja na kupelekwa kwenye halmashauri, zitumike kwa mpango wao wa afya. Kuanzia mwaka 2017/18 fedha za mfuko huo zilianza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya. Mamlaka ya kuamua yanazidi kumkaribia mgonjwa. Sasa ujuzi nao umfuate.

Dakika ya kwanza

Mwaka 2022 utafiti wa kitaifa ulionyesha kwamba vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimefika 43 kwa kila 1,000. Ni safari kubwa kutoka 147. Lakini ndani ya hao 43, watoto 24 walifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na mwaka 2015/16 idadi ya hao wachanga ilikuwa 25. Mtoto wa miaka miwili amenusurika. Mtoto wa siku mbili bado anatusubiri. Dawa mseto haimsaidii asiyepumua anapozaliwa.

Mwaka 2009 hospitali nane nchini zilianza kuwafundisha wakunga namna ya kumsaidia mtoto huyo: umkaushe, umsugue, na asipovuta pumzi umpe hewa kwa mfuko wa kupulizia na barakoa ndani ya dakika moja. Vifo vya saa 24 za kwanza katika hospitali hizo vilipungua kwa asilimia 47. Ingekuwa rahisi kutangaza ushindi na kuendesha semina kila mkoa.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, waliamua kutazama kwa karibu zaidi. Waliweka wadadisi chumba cha kujifungulia, mchana na usiku, kuandika kilichofanyika kwa kila mtoto na kilichukua sekunde ngapi. Wakagundua jambo lisilopendeza. Baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga walifanya vizuri zaidi walipopimwa kwa mdoli, lakini huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Walichapisha matokeo hayo mwaka 2013 bila kuyaficha.

Kisha wakabadili mafunzo. Mdoli ukahamishiwa wodini, na wakunga wakafanya mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, hapohapo kazini. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Mfumo uliokua kutokana na kazi hiyo ulipelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, yakiwa na hesabu ya uzazi zaidi ya robo milioni, yalionyesha vifo vya watoto vya saa 24 za kwanza vimepungua kwa kama asilimia 40.

Ni semina ngapi za siku moja zinafanyika nchini kila mwezi, katika kilimo, elimu, maji na afya, zikiwa na bango, posho na picha ya pamoja, na hakuna anayerudi kuona kama kazi imebadilika? Haydom walirudi, wakakuta haijabadilika, wakatengeneza. Huo ndio utafiti unaojenga.

Nani amlipe mdadisi

Kuna udhaifu mmoja katika simulizi yote hii ambao sasa hatuwezi kuufumbia macho. Hesabu za Rufiji zililipwa na Kanada. Za Morogoro zilisaidiwa na Uingereza. Tafiti za kitaifa za afya na uzazi, ambazo nimezinukuu mara kadhaa hapa, kwa miongo mingi zilitegemea mpango uliogharimiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani. Mwaka 2025 Marekani ilipoivunja USAID, mpango huo ulikatwa ghafla, na nchi nyingi zikajikuta hazina uhakika wa hesabu yao ijayo.

Nchi inayotegemea mgeni kuihesabia vifo vyake inamwachia mgeni kuamua ni lini ijue na ijue nini. Tunajenga majengo kwa fedha zetu wenyewe, na ni vyema. Basi mdadisi anayepita nyumba kwa nyumba awe katika bajeti yetu kama alivyo mganga, kwa mshahara, baiskeli na mafuta ya pikipiki yanayotoka katika kodi zetu. Bila yeye, jengo jipya linaweza kusimama mahali pasipohitajika, likiwa na dawa za ugonjwa usiokuwepo.

Na mwananchi ana sehemu yake, ambayo haingojei shahada. Kila halmashauri ina mpango kabambe wa afya wa mwaka, na kila zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa kijiji. Mjumbe wa kamati hiyo, au diwani katika baraza lake, aulize maswali matatu. Mwaka jana watu wetu walikufa na nini, wakiwemo waliofia nyumbani? Fedha zetu zilikwenda kwenye nini? Na tulichokifanya mwaka jana kilibadili nini, kwa hesabu na si kwa maneno? Mara ya kwanza huenda jibu lisipatikane. Liulizwe tena kikao kinachofuata, na kinachofuata, mpaka mtendaji ajue kwamba hawezi kuja mkutanoni bila hesabu hiyo mkononi.

Morogoro Vijijini na Rufiji hazikupata utajiri kati ya mwaka 1997 na 2003. Zilipata chini ya dola moja ya nyongeza kwa kila mtu, hesabu sahihi ya vifo vyao, na ruhusa ya kuitumia. Kiasi hicho kinaweza kupatikana katika kila wilaya ya Tanzania leo, na wanaoweza kukidai ni wakazi wake.